Kunuka na Kunukia: Maana ya Manukato kwa Ushahidi wa Makanya

Mwaka jana nilipokuwa likizoni Makanya, wilaya ya Same, mpwa wangu asomaye darasa la tano aliniletea daftari lake la Kiswahili. Alikuwa ametakiwa kutunga sentensi juu ya maua, na katika mojawapo aliandika kwamba asumini iliyopo mlangoni kwa jirani inanuka vizuri. Mwalimu alikuwa amelikata neno "inanuka" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "inanukia", na pembeni akaongeza kanuni: kunuka ni kubaya, kunukia ni kuzuri. Mtoto aliniuliza, "Mjomba, nami si nimesema vizuri? Kosa langu ni lipi?"

Swali hilo sikuweza kulijibu papo hapo, ingawa ni mtu nipokeaye mshahara kwa kufundisha elimu ya lugha. Makala haya ni jibu langu, nami nakiri kwamba limechelewa. Nia yangu si kumtetea mtoto wala kumhukumu mwalimu, ambaye amefundisha kama alivyofundishwa. Nataka kuonyesha kwamba kamusi zetu, na pamoja nazo uhakiki wetu wa tenzi, zimeichukua harufu nzuri kuwa sifa iliyo ndani ya kitu, kama wekundu ulivyo ndani ya damu. Hali lugha yenyewe, tukiisikiliza kwa utulivu, huihesabu kuwa jambo lipitalo baina ya watu. Kosa hilo si dogo kama lionekanavyo. Limetufanya tuwaite wajinga wasemaji ambao si wajinga, na limetufanya tuyapite haraka mabeti ambayo yalistahili kusomwa polepole.

Tuanze na kamusi. Ile ya Johnson ya mwaka 1939, iliyotegemewa na vizazi vya walimu, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, zatofautiana katika mengi, lakini katika jambo hili mwendo wao kwa jumla ni mmoja: nuka huelekezwa upande wa uvundo, na nukia upande wa uzuri. Msomaji akiziamini ataona kwamba irabu moja tu, ile i ya kutendea, ndiyo igeuzayo jaa kuwa bustani. Basi na aulize: tangu lini kiambishi cha kutendea kikawa na kazi ya kusifu? Leta na letea, pika na pikia, andika na andikia: hapana wema wala ubaya ndani yake. Kiambishi hiki huongeza mtu au mahali ambapo kitendo chaelekea, basi. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 alikieleza kwa mifano mingi, na hakuna mfano mmoja ambao uzuri umeingia kwa kupitia irabu hiyo peke yake.

Lakini iko mifano miwili ambayo yafaa tuiangalie kwa makini. Kuhama ni kutoka mahali. Kuhamia ni kufika mahali. Kitendo ni kile kile na mizigo ni ile ile, ila msemaji amebadili upande wa kusimama: wa kwanza yu nyuma ya mhamaji, akitazama mgongo wake, wa pili yu mbele, amemfungulia mlango. Mfano wa pili ni karibu zaidi na shauri letu. Kumcheka mtu ni kumdhihaki, lakini kumchekea mtu ni kumwonyesha meno kwa wema. Hapa tena hakuna aliyesema kwamba irabu i maana yake ni upendo. Kicheko kilichomwangukia mtu kama jiwe kimekuwa kicheko kilichotolewa kwa ajili yake, na wema umezaliwa katika kule kuelekezwa.

Nasema kwamba kunuka na kunukia ni jozi ya namna hiyo. Kinukacho chatoa harufu, nayo yatoka na kuenea ovyo, haina wa kuipokea. Hatuna haja na kitu kienezacho pumzi yake bila kuitwa. Kinukiacho kimemfikia mtu naye amekikaribisha. Mzizi wenyewe hauna hukumu. Wataalamu wa Kibantu huurejesha kwenye umbo la kale -nunk-, ambalo maana yake ni mambo ya harufu tu, iwe njema au mbaya. Nazali iliyokuwa mbele ya k imedondoka katika Kiswahili kama ilivyodondoka katika neno kuku. Tena ushahidi tunao nyumbani, si lazima twende kwa mababu. Neno manukato limeundwa na mzizi huo huo, na halina ile i ya kutendea hata kidogo. Lingekuwa kweli kwamba nuk- peke yake ni uvundo, manukato yangekuwa jina la shimo la taka. Nadhani ile -at- iliyo katikati ni ndugu ya ile tuionayo katika kamata, fumbata na ambata, yaani ya kushikana na kugandamana: manukato ni harufu iliyoshika mwili au nguo. Hilo ni kisio langu, na mwenye kisio bora na alilete.

Katika matumizi ya kila siku jambo hili laonekana wazi. Vitenzi vyote viwili hupokea jina la kinachotoa harufu: fulani ananuka pombe, fulani ananukia udi. Watu husema pombe ni mbaya na udi ni mzuri, ndiyo sababu. Haya, tumchukue mtoto mchanga. Mgeni aliyepakatishwa mtoto asiye wake, na shati lake limeingia unyevu, atasema kimoyomoyo kwamba mtoto huyu ananuka maziwa. Mama yake akimpokea na kutia pua shingoni mwake atasema ananukia maziwa. Maziwa ni yale yale, yametoka titi moja, na dakika haijapita. Kamusi isemayo kwamba nukia ni kutoa harufu nzuri haiwezi kueleza kwa nini maziwa yamekuwa mabaya na mazuri kwa wakati mmoja. Ikisema kwamba nukia ni kumfikia mtu kwa harufu anayoipokea, taabu yote yaondoka.

Majina ya manukato nayo, ukiyachungua, aghalabu ni majina ya vitendo vya mtu kumtendea mwenziwe. Marashi yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kunyunyiza. Chombo chake ni mrashi, chenye shingo nyembamba, na kazi yake hujulikana na kila aliyehudhuria maulidi: mwenye mrashi hupita safu kwa safu, naye hajinyunyizii mwenyewe, huwanyunyizia wengine viganjani na mabegani. Udi na ubani huwekwa juu ya makaa ya chetezo, na kitenzi chake ni fukiza, kufanya moshi umfikie mtu, au nguo, au chumba. Kikuba kidogo cha rehani na asumini mwanamke hukivaa kifuani, lakini mara nyingi kimetungwa na mwingine, na jirani ndiye ainamaye kukinusa. Uturi na itiri, ambayo ni maneno mawili ya mzizi mmoja wa Kiarabu, hayana dalili ya mtendwa ndani yake, basi nisizidishe. Wala jina la mlangilangi halitusaidii, maana limesafiri kutoka visiwa vya Ufilipino pamoja na mti wenyewe hadi Ngazija na Pemba, na maana yake ya huko imebaki huko.

Desturi hii ni ya zamani katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya Dameski. Yeye mwenyewe alilitaja jambo hilo kuwa ni sehemu ya heshima aliyofanyiwa na mtawala, katika habari za kukaribishwa na kulishwa. Hakueleza kama marashi yalikuwa mazuri. Hapakuwa na haja. Mgeni aliyenyunyiziwa amekwisha kuambiwa kwamba amefika.

Nikiwa na jambo hili kichwani niliurudia Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Sehemu yake ya mambo ya nyumbani imesemwa sana. Wahakiki wa siku hizi huijia kwa ugomvi mmoja: je, mafundisho haya ni utumwa wa mke, au ni werevu wake? Ugomvi huo una haki yake, wala sitaki kuuzima. Ila wapande zote mbili huyapita manukato kana kwamba ni samani za chumba: asumini, udi, marashi, dalia, yote huwekwa katika kapu moja liitwalo mapambo, kisha wakaendelea na safari. Mimi naomba tutazame vitenzi. Mume hufukizwa asubuhi na jioni. Asumini hutungwa, kisha hutiwa kitandani, mahali ambapo mwingine atakuja kulala. Katika sehemu ile karibu kila harufu ina mtoaji wake na mpokeaji wake, na mama amwagizapo binti yake juu ya manukato, kwa hakika amwagiza juu ya njia za kumfikia mtu pasipo kusema neno.

Nakiri kwamba hapana ulinganifu kamili. Marashi na dalia ya binti mwenyewe yametajwa pamoja na kidani na kifungo cha shingoni, kama mali isiyotakiwa kumwacha. Hapo hoja yangu yalegea kidogo, maana kidani hakimtendei mtu jambo. Chakaa tu shingoni. Yaweza kusemwa kwamba hata mwili uliopakwa dalia wamngoja atakayeukaribia. Lakini sipendi kuushurutisha utendi useme nitakalo, na ubeti huu nauacha kuwa ushahidi wa upande wa pili.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yatoa somo lililo kinyume chake, na kwa sababu hiyo lina nguvu zaidi. Matajiri wa Pate waliolala vitandani, wakipepewa na kutumbuizwa, hawakufanya lolote katika starehe yao, walifanyiwa. Manukato yao yalikuwa kazi ya mikono ya wengine. Mshairi aendapo katika nyumba zilizobomoka na makaburi, msomaji wa haraka ataona kwamba harufu njema imebadilishwa kwa uvundo, na kwamba hilo ndilo fundisho. Mimi naona jambo la huzuni zaidi. Kilichokoma ni ule utendwaji. Hapana tena ampepeaye mtu, wala ampakaye mtu, na mwili uliokuwa ukimnukia mwingine sasa wanuka peke yake gizani. Kitenzi kimepoteza mtendwa wake. Sidai kwamba mshairi alikaa akapima irabu. Nadai kwamba lugha aliyoitumia ilikuwa imekwisha kumpimia.

Basi yote hayo ni ya pwani, na mtu aweza kuuliza Makanya yaingiaje. Makanya ni mji mdogo wa tambarare, kusini ya Same, kwenye barabara kuu na kwenye reli ya Tanga na Moshi iliyojengwa na Wajerumani. Mvua yake ni chache. Yajulikana kwa mkonge na kwa machimbo ya jasi. Juu yake, upande wa mashariki, yapanda milima ya Upare wa kusini: Suji, na nyuma yake Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mahali pa ukungu na miti mikubwa. Msafiri wa basi hupita Makanya kwa dakika chache, akaona vumbi jeupe na safu za mkonge, akalala tena. Lakini kwa mchunguzi wa maneno, mahali hapa ambapo mlima umekutana na reli ni pazuri kuliko miji mingi mikubwa, kwa kuwa Kiswahili kimefika hapa kwa njia mbili zisizofanana. Tambarare kimekuja na wafanya biashara wa pwani, na misafara iliyofuata bonde la Pangani, na baadaye manamba wa mkonge na wachuuzi wa stesheni, Waislamu wengi miongoni mwao. Mlimani kimekuja zaidi kwa shule na kwa kitabu; Waadventista walianza kazi yao katika Upare wa kusini mwaka 1903, na Kiswahili cha Biblia kimekaa huko vizuri pembeni ya Chasu.

Mimi ni mtoto wa pande zote mbili. Baba yangu ni wa tambarare, Mwislamu. Mama yangu ni wa Suji. Bibi mzaa baba alipofariki mwaka 2011, ndugu wa mama walishuka kuja kuzika pamoja nasi. Uani palikuwa na mwanamke mzee mwoshaji, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa Makanya siku nyingi, naye alikuwa akiponda karafuu maiti katika kibakuli ili itiwe katika maji ya kuoshea. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine naeleza: karafuu maiti si karafuu, ni kafuri, ile nyeupe ing'aayo, na huenda jina la kwanza limezaliwa kwa kufanana kwa sauti za kafuri na karafuu. La pili, maiti, halihitaji msaada wangu.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekaa mkekani karibu. Harufu ilipompata alifumba macho akasema, "Yanukia kweli. Kama sanduku la mama."

Mwoshaji aliacha kuponda. Alimjibu kwa upole, maana ni watu wazima wote wawili na siku ile haikuwa ya kubishana: "Dada yangu, hii haisemwi yanukia. Hii ni ya safari."

"Haya dada," akasema mama mkubwa. "Kwetu ndiyo harufu ya nguo safi."

Wakanyamaza, na kazi ikaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi, nimetoka masomoni ng'ambo siku si nyingi, na nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya vitenzi vya kutendea bila kusikia mfano wowote uliokuwa na uzito kama huo.

Sanduku la mama aliyelitaja ni sanduku la mkulo. Mkulo ni mti mkubwa wa misitu ya milimani, nao umo katika msitu wa Chome. Mabingwa wa mimea huuita Ocotea usambarensis. Si mti wa kafuri wenyewe, ambao asili yake ni Asia ya mashariki, lakini ni wa ukoo mmoja nao, na mbao zake zikipasuliwa hutoa harufu hiyo hiyo. Umekatwa kwa wizi miaka mingi kwa ajili ya mbao zake, hata watu wa Chome wenyewe wameona magogo mengi kuliko miti. Masanduku yake yalikuwa mali ya kurithiwa: wadudu hawaingii, na kitenge kilichokaa ndani miezi sita hutoka na harufu ambayo kwa mtu wa mlimani ni harufu ya Sabato asubuhi, ya harusi, ya mama aliyetoa nguo njema kwa sababu kuna jambo njema.

Basi tuna harufu moja, kwa pua moja, kwa lugha moja, katika ua mmoja. Na wasemaji wawili wenye kukijua Kiswahili wametofautiana kama kitenzi nukia chaifaa. Mama mkubwa hakukosea Kiswahili. Wala mwoshaji hakusema kwamba karafuu maiti ni mbaya. Angalisema yanuka angalikuwa amemtukana maiti na Mola wake. Alikataa kitenzi kile kwa sababu harufu ile ilikuwa imekwisha kupewa mtu wake. Yamwelekea marehemu, ndiye mpokeaji, na aliye hai hana haki ya kuisikia kana kwamba ni yake. Mama mkubwa aliipokea kwa kuwa kwake ilitoka kwa mama mzazi. Ugomvi wao wote ulikuwa juu ya mtendwa, si juu ya uzuri.

Sanduku lile sasa liko kwangu Dar es Salaam. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na mara ya kwanza lilipofunguliwa alitoka jikoni akauliza nani amekufa. Siku hizi hutia ndani yake nguo za watoto, lakini za kwake hatii.

Neno ubani nalo lafuata njia hii. Ni utomvu wa kufukiza, lakini ni fedha pia, zile zitolewazo kuwafariji wafiwa, na wako vijana wengi wa mijini wajuao ubani wa fedha kabla ya kuujua ule wa moshi. Walimu wa kamusi huweka maana ya pili chini ya namba 2, kana kwamba ni ajali. Mimi sioni ajali: kilichobaki baada ya moshi kuondoka ni kule kumpelekea mtu kitu siku ya msiba.

Nisiwafiche wasomaji jambo linisumbualo. Makanya ina harufu nyingine, nayo haijanitii. Mkonge, mmea ulioletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893, hukamuliwa katika mashine ambayo watu wote wa mashambani huiita korona. Jani hutoa nyuzi chache, na sehemu kubwa yake hutupwa, maji na nyama ya jani pamoja, na takataka hizo zikichacha juani harufu yake haina mfano. Mimi nimekua nayo. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni nikirudi likizo, basi likikaribia mashamba na harufu ile ikaingia madirishani, moyo wangu ulifurahi, kwani nilijua kwamba nusu saa haitapita nitakuwa kwetu. Kwa kanuni yangu niliyoieleza hapo juu, harufu ile imenifikia nami nimeipokea. Basi ilinukia? Hapana. Sijapata kusema hivyo, wala sijamsikia mtu wa Makanya akisema hivyo, hata kwa mzaha. Husema, "Nasikia harufu ya nyumbani," na neno nasikia lawaponya na taabu ya kuchagua.

Kwa hiyo kule kupokelewa peke yake hakutoshi. Nimelifikiri sana, na kwa kadiri nionavyo tofauti ni hii: maziwa ya mtoto na sanduku la mkulo nyuma yake wamo watu, lakini takataka za korona hakuna aliyenitolea mimi. Zimetupwa. Zanifikia kama upepo ufikavyo. Kiambishi cha kutendea chataka walau kivuli cha mtoaji. Iwapo jibu hili ni la kweli, au ni ujanja wa mwalimu asiyetaka hoja yake ife, waamue wenzangu. Ua la asumini halina mtoaji pia, na watu wote hukubali kwamba lanukia, ingawa kwa ua yaweza kusemwa kwamba mtu amelipanda mlangoni.

Jambo moja zaidi la mlimani, kwa kuwa lafaa katika shauri hili. Wazee wa Suji walijifunza maneno uvumba na manemane katika habari za mamajusi, kwenye kitabu cha Mathayo, nao huyatamka vizuri sana. Lakini katika kanisa lao hakuna chetezo, na wengi walizeeka bila kuisikia harufu ya kitu chochote kati ya hivyo viwili. Nilipokuwa mtoto nilidhani uvumba ni aina ya nguo. Na huku chini, katika nyika ya Mkomazi waionayo kila siku, miti ya Commiphora, ambayo ni ndugu wa mti wa manemane, imejaa pande zote. Neno lilikuwa juu na utomvu ulikuwa chini, na hakuna aliyevikutanisha. Pwani hali ni nyingine. Huko uvumba ni wa kufukizwa, na vumba ni harufu ya samaki, na msemaji asiyeangalia kiambishi atamtia mgeni wake harufu ya sokoni. Nataja jambo hili ili isidhaniwe kwamba msamiati wa manukato ni mmoja kwa Waswahili wote. Kuna watu walio na neno bila harufu, na kuna walio na harufu bila neno, nao hukutana katika mtihani mmoja wa darasa la saba.

Ndiyo sababu nasema kwamba ile kanuni ya wino mwekundu yafaa kupunguzwa ukali. Mtoto aliyeandika kwamba asumini inanuka vizuri ametumia mzizi wa zamani kwa maana yake ya zamani, kisha akaongeza hukumu kwa neno la pili. Si Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja, na mimi mwenyewe nisingeliandika. Lakini si kosa la akili, na watoto wengi wa bara wataendelea kuliandika. Mwalimu akitaka kumwonyesha kwa nini nukia ni bora, asimwambie kwamba nuka ni kubaya, amwulize, "Linamnukia nani?" Mtoto ataona mwenyewe mahali pa kumtia mtu. Kinyume chake, wale wasemao katika matangazo ya sabuni kwamba ukioga nayo "utanukia vizuri" wamerudia jambo moja mara mbili, na hakuna mwalimu ninayemjua aliyewakata kwa wino.

Kwa wenye kazi ya kamusi napendekeza kwamba chini ya nuka iandikwe kwanza kutoa harufu, kisha, hasa, harufu isiyopendeza. Na chini ya nukia iandikwe kumfikia mtu kwa harufu anayoikaribisha, na mfano wake uwe na mtendwa, kama vile mtoto amnukia mamaye maziwa. Karafuu maiti iwekwe mahali pake penyewe, isifichwe chini ya karafuu. Kikuba, dalia na tibu zipewe maelezo ya nani humpa nani na siku gani, maana orodha ya viungo haitoshi.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa jarida hili walio Lamu, Mombasa, Tanga, Pangani na visiwani. Hoja yangu imesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya neno la mwanamke mmoja wa Pangani aliyekataa kusema kwamba karafuu maiti yanukia. Akipatikana msemaji wa pwani, mtu mzima, aliyesikiwa akilitumia kitenzi hicho kwa karafuu maiti pale pale penye maiti, na si dukani wala katika hadithi, naomba nijulishwe maneno yake kamili, pamoja na uhusiano wake na marehemu.